Jibu: Ushuru wa soko katika wilaya za Ghana hupangwa na nani?
Salaam ndugu. Umeuliza nani hupanga ushuru wa soko katika wilaya za Ghana, na kwa nini mbunge hakuweza kuupunguza. Viwango hupitishwa na Baraza la Wilaya lenyewe, chini ya Sheria namba 936 ya 2016. Mbunge ni mjumbe humo, ila hapigi kura.

Kwanza omba azimio la ada la mwaka huu, yaani orodha ya viwango vilivyopitishwa, ofisini kwa baraza. Tafuta bidhaa yako, ulinganishe na kiasi kilichoandikwa kwenye tiketi. Mtoza ushuru asiyetoa tiketi asilipwe, maana hela hiyo huenda isifike barazani. Kiwango kikiwa kizito kweli, mbane mjumbe wa baraza aliyechaguliwa na eneo lako mapema, kabla azimio la mwaka ujao halijapitishwa. Yeye ndiye mwenye kura.