Kwa aliyeuliza kwa nini wakata miwa wanalegea ikifika saa tano

Mkuu, umesema wakata miwa wako asubuhi wanakwenda vizuri, ikifika saa tano wanalegea, na sasa unafikiria kuwafukuza ulete wengine. Usifukuze mtu. Nimekata miwa huku bonde la Kilombero, baadaye nikawa nyapara. Hao wapya nao watalegea saa ile ile, na wakiwa wageni ndiyo mapema zaidi.

Msuli ukifanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inageuka joto. Mwili unalitoa kwa jasho, na jasho linapoza pale tu linapokauka. Sasa mwangalie mkataji kwenye shamba lililochomwa jana: suruali mbili, shati la mikono mirefu, soksi hadi mikononi kwa ajili ya masizi na majani, na miwa imemzidi kimo, upepo haupiti. Jasho linatiririka bure. Shirika la Kazi Duniani (ILO) liliandika mwaka 2019 kwamba kwenye nyuzi 33 hadi 34, mtu wa kazi ya wastani anapoteza nusu ya uwezo wake. Na kukata miwa nani ataita kazi ya wastani?

Kinachoharibu zaidi ni malipo ya ngwe, yaani mtu analipwa kwa kipande alichokata. Dumu la maji likiwa barabarani kwenye trekta, mtu haliendei, maana kila hatua anaiona hela yake inapotea. Utawaona saa saba hawajanywa kitu, shati limechora mistari myeupe ya chumvi mgongoni. Dumu liwafuate wao kadiri wanavyosonga mbele. Kikombe cha robo lita kila dakika 15 au 20, kiu isisubiriwe.

Wageni waangalie kwa jicho la pekee. Vijana wa Makete na Njombe wanashuka kutoka kwenye baridi, wana nguvu na wanataka sifa, lakini mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Wape ngwe fupi kwanza. Mmoja alianza kuniita jina la kaka yake huku anayumba na panga mkononi. Tulimnyang'anya panga, tukamlaza chini ya trela, tukamvua shati, maji mwili mzima, watu wanampepea hadi gari lilipofika. Aliyechanganyikiwa hivyo usimnyweshe kitu, atapaliwa. Mpoze, kisha hospitali haraka.

Halafu kuna diklofenaki, dawa ya maumivu. Jioni mgongo unauma, anameza. Asubuhi anameza tena ndipo aingie shamba. Figo iliyopungukiwa maji haiziwezi dawa hizo. El Salvador na Nikaragua wakata miwa wamekufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa figo ambao hautokani na kisukari wala presha, na kazi nzito juani bila maji ya kutosha ndiyo inayoshukiwa zaidi.

Sisi tulibadilisha saa. Kuingia kukipambazuka, kutoka saa nne na nusu, kurudi jua likishapoa. Turubai kuukuu tulifunga ubavuni mwa trela ili kivuli kihame na watu. Tani hazikupungua, na vidole vilivyokatwa na panga vilikuwa vichache, maana mtu aliyechoka joto mkono wake haulengi.

Ila mapumziko uyalipie, hata kidogo. Ukibaki na ngwe tupu, watakaa kivulini dakika mbili, wa kwanza akinyanyuka na wengine wote wanamfuata.