Nyuklia: mwaka wa kwanza anaanza na nini

Dada, umeuliza mwanao akienda kusomea uhandisi wa nyuklia ataanza na nini, na kwa nini mitambo hiyo hutafutiwa pwani, kama ilivyotajwa Uyombo, hapa jirani zetu wa Malindi. Mwaka wa kwanza asitarajie kuona urani, ile fueli ya nyuklia. Ni hesabu, fizikia, kemia, halafu elimu ya joto. Hiyo ya joto aishike sana, ndiyo roho ya mtambo. Kwenye kinu (pale nyuklia inapotoa joto) cha aina ya maji yenye shinikizo, maji hufika nyuzi 320 hivi bila kuchemka, kwa vile yamebanwa mara 150 na zaidi ya shinikizo la hewa. Joto lake huchemsha maji mengine, mvuke ukazungusha tabaini, lile gurudumu la mapanga linaloendesha jenereta ya umeme. Theluthi moja tu ya joto hugeuka umeme. Theluthi mbili lazima ziende mahali, na bahari inazipokea. Tena kinu kikishazimwa bado hutoa joto, mwanzoni asilimia 6 hivi ya nguvu yake. Kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, 2011, vinu vilivyokuwa kazini vilijizima vyenyewe tetemeko lilipopiga. Tsunami ikaua jenereta za dharura, pampu za kupoza zikakosa umeme. Hilo wallahi alielewe mapema, hata kabla ya hesabu za nyutroni, zile chembe zinazopasua atomu kinuni.