Je, bahati mbaya ya droo hulipwa baadaye?

Mwenzetu ameuliza kama bahati ya droo hujisawazisha kadiri misimu inavyopita, akitolea mfano Machi 2024, pale Simba ilipopangwa na Al Ahly na Yanga ikapangwa na Mamelodi Sundowns kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Anaamini kwamba baada ya kupangiwa vigogo namna ile, timu zetu zinadai, na ipo siku zitalipwa. Nimekaa miaka mingi kwenye kamati ya mashindano ya ndondo ya kata yetu, na kazi yangu kubwa humo ni kuendesha droo, kwa hiyo hoja hiyo naifahamu vizuri. Jibu langu ni kwamba hakuna deni.

Tuanze na droo yenyewe, kwa sababu wengi wanaikumbuka kwa uchungu bila kuihesabu. Vinara wa makundi walikuwa Sundowns, Asec Mimosas, Petro de Luanda na Al Ahly. Walioshika nafasi ya pili walikuwa TP Mazembe, Simba, Esperance na Yanga. Kinara alipaswa kukutana na mshindi wa pili wa kundi jingine, hivyo Simba haikuweza kupangwa na Asec, wala Yanga na Al Ahly. Ukiandika mipangilio yote inayokubalika utapata 9 tu, na katika hiyo 9 ni mmoja pekee unaoipa Simba Al Ahly na papo hapo kuipa Yanga Sundowns. Huo ndio uliotokea. Ilikuwa bahati mbaya kweli, na wanaosema tulilalamika bure hawakuitazama hesabu. Hata hivyo, jambo lenye nafasi moja kati ya 9 si la ajabu kiasi cha kutufanya tudhani kuna mkono uliotuandama, au mwingine unaotuandalia fidia.

Hoja ya fidia huisikia kila mwaka huku kwetu. Majina ya timu huandikwa kwenye vikaratasi vya daftari, vikakunjwa na kutiwa kwenye ndoo, na kabla ndoo haijatikiswa husimama kiongozi mmoja akieleza kwamba mwaka jana timu yake ilianza na bingwa mtetezi, hivyo safari hii inastahili mpinzani mwepesi. Ninachosimamia kwa ukali ni mambo mawili: vikaratasi vyote vikatwe na kukunjwa sawasawa, kwa kuwa kilichokunjwa kinene hukutana na vidole kwanza, na ndoo iinuliwe juu ya macho ya anayechota. Hayo yakitimizwa, hakuna njia ambayo machungu ya mwaka jana yanaweza kuingia ndani ya ndoo. Na kamati ikiamua kumpa mtu mpinzani mwepesi kwa sababu ya machungu hayo, basi imeacha kufanya droo na imeanza kupanga matokeo.

Kinachowachanganya wengi ni kauli ya wanahisabati kwamba jambo likirudiwa mara nyingi sana, wastani wake hukaribia kiwango kinachotarajiwa. Kauli hiyo ni ya kweli, ila haisemi kwamba pengo hufutika. Ukirusha sarafu mara 100, tofauti ya kawaida kati ya upande mmoja na mwingine hufikia kama 10. Ukirusha mara 10,000, hufikia kama 100. Kwa asilimia tofauti imeshuka kutoka 10 hadi 1, lakini pengo lenyewe limeongezeka mara kumi. Aliyebaki nyuma mwanzoni harudishiwi chochote. Hasara yake ya zamani inazidi kuwa sehemu ndogo ya jumla inayokua, basi.

Halafu, ni nani mwenye droo 10,000? Kati ya 2019 na 2024 Simba ilicheza robo fainali nne za Ligi ya Mabingwa: dhidi ya TP Mazembe mwaka 2019, Kaizer Chiefs 2021, Wydad 2023 na Al Ahly 2024. Wydad na Al Ahly wote walikuwa mabingwa watetezi walipokutana nasi, na kwa droo chache kiasi hicho shabiki anaweza kuzeeka bila kuona mambo yakisawazika. Tukumbuke pia kwamba klabu yenye wapinzani watatu wanaowezekana ina nafasi moja kati ya 27 ya kupewa mgumu kuliko wote mara tatu mfululizo. Kwa wingi wa klabu zinazoshiriki barani, lazima yawepo mashabiki ambao jambo hilo limewafika, nao watakuwa na hakika kwamba wanaonewa.

Hata hiyo droo nzuri tunaitambua vipi? Mwaka 2021 Simba iliongoza kundi mbele ya Al Ahly, na ilipopangwa na Kaizer Chiefs, timu iliyokuwa ikisuasua kwenye ligi ya kwao, mtaani kwetu watu walifurahi waziwazi. Tulifungwa 4-0 Johannesburg, tukashinda 3-0 Dar es Salaam, tukatoka, na Chiefs wakaenda hadi fainali. Upande wa pili, Yanga iliyopewa Sundowns mwaka 2024 ilitoka 0-0 nyumbani na 0-0 Pretoria, ikaondolewa kwa penalti 3-2. Je, tukifunga hesabu, ya 2021 tuiandike upande wa bahati njema au mbaya?

Jambo ambalo ningependa mashabiki walikazie macho ni kwamba droo ya robo fainali si kapu moja. Wa kwanza na wa pili hutengwa, na wa kwanza hupata pia faida ya kumalizia nyumbani. Mnamo Novemba 2023 Simba ilitoka sare ya 1-1 na Asec kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, na makundi yalipomalizika Asec ilikuwa na pointi 11, Simba 9. Kama ile sare ingekuwa ushindi, Simba ingekuwa na 11 na Asec 10, na wapinzani wa Simba kwenye droo ya Machi wangekuwa Mazembe, Esperance au, kwa mshtuko wa nchi nzima, Yanga. Al Ahly na Sundowns wasingekuwemo kabisa.

Wapo watakaosema kwamba deni lililipwa mwaka 2025, Simba ilipopangwa na Al Masry kwenye Kombe la Shirikisho, ikageuza kipigo cha 2-0 na kuvuka kwa penalti hadi kufika fainali. Lakini Simba iliingia kwenye droo ile ikiwa kinara wa kundi, na ukinara huo ulipatikana siku ya mwisho ya makundi, Januari, kwa kuifunga CS Constantine 2-0 kwenye uwanja usio na mashabiki na kuipita kwa pointi moja.