Kufunga mara mbili kwa juma hakukumpa Farisayo haki
Bwana asifiwe, mpendwa. Umeuliza kama kufunga na kutoa zaka kwa bidii kunamfanya mtu ahesabiwe haki, yaani akubaliwe na Mungu kuwa mwenye haki. Hapana. Soma Luka 18:9-14 polepole, mfano wa Yesu kuhusu watu wawili waliokwenda hekaluni kusali: Farisayo, mtu wa kundi la Wayahudi lililoshika sana sheria, na mtoza ushuru. Torati iliagiza siku moja tu ya kufunga kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Yule Farisayo alifunga mara mbili kwa juma, na bado akarudi nyumbani bila haki. Mtoza ushuru alisimama mbali, akajipigapiga kifua: “Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi.” Basi. Hakutaja hata tendo moja jema, na ndiye aliyerudi amehesabiwa haki.

“Kuhesabiwa” ni neno la daftari la hesabu. Katika Warumi 4, kwa Kigiriki, Paulo analirudia mara 11: afanyaye kazi hulipwa ujira wake, aaminiye huhesabiwa haki bure. Abrahamu alihesabiwa haki Mwanzo 15:6. Tohara ilikuja baadaye, sura ya 17, akiwa na miaka 99; basi haikuwa tohara iliyompa haki.

Wengi hukwama wanapoanza kupima imani yao ina nguvu kiasi gani. Hapo wameigeuza kuwa kazi nyingine. Mtazame Kristo mwenyewe. Zaka endelea kutoa, kufunga pia, lakini kama mtu aliyekwisha kupokelewa.