Gari nimelirudisha, bima je?

SWALI: Nilinunua gari, siku ya tisa gia zikaanza kukwama. Muuzaji amekubali kulipokea na kunirudishia fedha zangu. Lakini bima nimeshalipia mwaka mzima! Niivunje leo?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Usiivunje kwanza. Mimi nilipowahi kurudisha gari, niliiacha bima hadi nikapata karatasi ya muuzaji ya kukiri amelipokea gari, yenye sahihi, tarehe na namba ya usajili, maana gari likigonga mtu likiwa bado kwa jina lako, lawama inaweza kukuangukia. Ukiipata, iandikie kampuni ya bima siku hiyohiyo, uambatanishe nakala, udai fedha za miezi iliyobaki. Mara nyingi hukata ada; kama bima hiyo imeshakulipa fidia, huenda usirudishiwe kitu. Unatafuta gari jingine? Uliza kama bima inaweza kuhamishiwa huko.