Jibu: Mashine ya sukari ya mama inatoa namba tofauti

Pole ndugu yangu. Umesema mama alipima sukari akapata 9.8 (kwa kipimo cha mmol/L), dakika tano baadaye 14.2, na sasa unataka kununua mashine nyingine. Usikimbilie duka. Mashine yenyewe inapima umeme tu: ndani ya stripu (kile kijiti chembamba cha kuwekea tone la damu) kuna kimeng'enya, yaani kemikali inayochochea mabadiliko, kinachokutana na sukari ya damu, na umeme kidogo unaotokea hapo ndio unaogeuzwa kuwa namba. Kopo la stripu likikaa wazi, unyevu unakiharibu. Tazama na tarehe ya kuisha.

Halafu mikono. Baba yangu alimenya embe, akajipima: 17! Akanawa kwa sabuni, akakausha vizuri, ikaja 8. Kufuta kwa spiriti peke yake hakutoshi. Pia mama asikamue kidole sana.

Tofauti kati ya mashine na kipimo cha maabara isiyozidi asilimia 15 haina shida, ila hiyo yenu ni kubwa mno. Rudieni kwa stripu mpya, na msibadilishe dozi ya insulini kwa namba mnayoitilia shaka, muulizeni daktari. Akitetemeka na kutoka jasho, au namba ikiwa chini ya 4, mpe soda yenye sukari papo hapo. Akishindwa kumeza, usimlazimishe, mkimbize hospitali.