Eksirei ya kumkagua mfanyakazi getini: dozi si swali la kwanza

Swali: Ninafanya kazi kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu wilayani Chunya. Uongozi umetutangazia kwamba, ili kuzuia wizi, italetwa mashine ya eksirei inayoonyesha mwili mzima, hata kitu kilichomezwa, na kila mmoja wetu atapita humo anapotoka mchana na anapotoka jioni. Muuzaji anasema mionzi yake ni midogo kuliko ya picha moja ya kifua hospitalini. Nina ujauzito wa miezi minne. Viwango vya usalama vinasemaje?

Jibu: Dada msomaji, alichosema muuzaji ni kweli kwa ukaguzi mmoja. Picha ya kifua humpa mtu dozi ya maikrosivati 20 hivi au zaidi (maikrosivati ni kipimo cha dozi ya mionzi; 1,000 ni sawa na milisivati 1), na mashine hizi hutoa chini ya hapo. Lakini picha ya kifua hupigwa kwa sababu daktari anatafuta jambo litakalokusaidia wewe, na huipigi mara mbili kwa siku.

Maneno yako kwamba mashine itaonyesha hata kilichomezwa yananieleza ni ya aina gani. Zipo mashine zinazopokea mionzi inayorudishwa na ngozi, na hizo huona kilicho chini ya nguo tu; ili kuona tumboni, mionzi lazima ipenye mwili mzima hadi upande wa pili, na hapo dozi kwa kawaida huwa kubwa zaidi. Kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI/HPS N43.17, toleo la mwaka 2009, kinazigawa mashine za kukagua watu katika makundi mawili. Zile za matumizi ya jumla hazipaswi kuzidi maikrosivati 0.25 kwa ukaguzi mmoja. Zile za matumizi yenye mipaka zinaweza kufika maikrosivati 10, kwa sharti kwamba kumbukumbu za kila anayekaguliwa zitunzwe. Kwa makundi yote mawili, mtu mmoja hapaswi kupata zaidi ya maikrosivati 250 kwa mwaka kutoka kituo kimoja.

Sasa tupige hesabu ya getini kwenu. Mara mbili kwa siku kwa siku 300 za kazi ni kaguzi 600. Ikiwa kila ukaguzi unatoa maikrosivati 0.25, utapata 150 kwa mwaka, na kikomo hakijavukwa. Ikiwa unatoa maikrosivati 2 tu, ambazo bado ni sehemu ndogo sana ya picha ya kifua, utapata 1,200, yaani karibu mara tano ya kikomo hicho, na zaidi ya milisivati 1 kwa mwaka ambayo ndiyo kikomo cha mtu asiyefanya kazi ya mionzi. Kikomo hicho cha milisivati 1 ndicho kinachotumika pia kumlinda mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: mashine inatoa maikrosivati ngapi kwa ukaguzi mmoja, nani aliyezipima, na kwa mpangilio upi wa mashine?

Hata hivyo, hesabu hiyo ni ya pili. Kanuni ya kwanza ya kinga ya mionzi ni uhalali: mtu asipigwe mionzi, hata midogo, pasipo sababu inayokubalika. Viwango vya msingi vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, vilivyotolewa mwaka 2014, vinatamka wazi kwamba kupiga picha za mionzi miili ya watu kwa lengo la kugundua wizi kunahesabiwa kuwa hakuna uhalali. Ukaguzi wa kuzuia tishio kwa usalama wa taifa umeachiwa serikali peke yake iuamulie. Dhahabu iliyofichwa na mfanyakazi ni hasara ya kweli kwa mwenye mtambo, wala siidharau, lakini haiingii katika kundi hilo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mjadala wenu na uongozi unapaswa kuanzia, kabla ya kufika kwenye namba.

Hapa nchini, Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003 inataka kifaa cha mionzi kiwe na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Wafanyakazi mna haki ya kuuliza kama leseni imeombwa, na kama ombi limeeleza kwamba watakaopita ni watu, si mizigo. Mashine ya mizigo, kama ile ya uwanja wa ndege wa Songwe, ni jambo jingine kabisa: eksirei hubaki ndani ya sanduku lenye kinga ya madini ya risasi yanayozuia mionzi, na lango unalopita wewe ni kigunduzi cha vyuma kisichotumia eksirei. Dhahabu nayo ni metali, na vigunduzi vya mkononi vinaweza kuigundua, ingawa chembe ndogo huvishinda.

Wakati uamuzi unasubiriwa, mwandikie msimamizi wako barua ukimweleza kuwa ni mjamzito na kwamba unaomba kukaguliwa kwa njia nyingine, kwa mkono na mlinzi wa kike au kwa kigunduzi cha vyuma, kisha ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.